Jivu la Shimoni

Mama mkwe wangu, Mbinya, yuko hai kwa sababu ya saa. Naliweka hilo mbele ili mtu asiniambie saa hizi ni mchezo. Mwaka juzi alianguka shambani peke yake, kwenye terasi ya chini, moyo ukimwenda ovyo. Saa niliyomvalisha mkononi ikapiga simu yangu nikiwa dukani kwangu Katangi. Daktari alisema ningechelewa nusu saa ningemkuta amekwisha.

Baada ya hapo watu wakaanza kuja dukani kutafuta saa za mama zao. Niliuza zile za bei nafuu kwa sababu ndizo wanazoweza. Zinapima moyo na usingizi, na baada ya miezi minane betri inavimba, kioo kinabanduka. Fundi hawezi kuzifungua, zimegandishwa kwa gundi. Wateja walinirudishia zilizokufa nikazibeba nyumbani. Gari la taka halifiki kwetu. Kila Jumamosi nilizitupa shimoni pamoja na chaja zake, mabua na mifuko, nikawasha. Zilipasuka kama bisi.

Ndengu zetu huhifadhiwa kwa jivu. Mbinya hajawahi kununua dawa ya wadudu. Anapura, anapepeta, anachanganya na jivu laini, anafunga gunia. Jivu lilikuwa la kuni za jikoni kwake. Lakini mimi nilimnunulia meko ya gesi kwa ajili ya kifua chake, na lile jiko la kuni nikalibomoa. Jivu likabaki mahali pamoja tu, shimoni. Niko na diploma ya biashara na sikulifikiria.

Binti yangu Mwelu, wa miaka minne, alianza kushika tumbo. Kisha akawa mweupe wa kucha na midomo, hachezi, ananuna. Tulitibu minyoo mara mbili. Hospitali ya Machakos wakamtoa damu ikapelekwa Nairobi, na baada ya wiki mbili daktari akaniita akaniambia damu yake ina risasi, madini ya sumu yanayotumika kulehemu vifaa vya umeme. Aliniuliza kama tunayeyusha betri, kama tunachoma vitu. Nikamjibu ni takataka tu, kama kila mtu. Akasema hakuna dawa ya kurekebisha kilichokwisha kuharibika kichwani. Kazi yetu ni kutafuta anakolishwa na kukomesha.

Jioni hiyo nilichambua ndengu mwenyewe. Kwenye ungo, katikati ya jivu, nikapata kifungo cha mkanda wa saa, kimeyeyuka upande mmoja. Nilikijua. Nimefunga mikanda kama hiyo mia kadhaa.

Wifi yangu Kavutha alikuwa amekuja kutoka Masii kumwona mtoto. Alikiona kifungo kiganjani mwangu, hakujua ni nini, lakini alijua kimetoka kwenye gunia. Akamgeukia mama yake.

"Mwaitu, mambo ya jivu tulikukataza kitambo. Sasa umelisha mtoto sumu na mkono wako."

Mbinya alikaa akitazama mikono yake. Ningeweza kunyamaza. Mume wangu yuko kazini Mombasa, angeambiwa ni mama, na hakuna mtu angeuliza tena. Nilihesabu hayo yote nikiwa nimesimama pale.

"Jivu halina makosa," nikasema. "Ni saa zangu. Mimi ndiye niliyezichoma."

Mbinya aliinua macho polepole.

"Ulizichoma shimoni?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na uliniona nikichota."

Nilimwona. Mara mbili, na ndoo. Nilimsalimu nikapita.

Alifungua saa mkononi akaiweka juu ya meza. Nikaichukua nikamvalisha tena. Aliniachia mkono kama mtoto anayevalishwa sweta.

Saa bado nauza. Wiki iliyopita moja ilimwokoa mzee mmoja kule Kivaa, na mwanawe alikuja kunishukuru. Zilizokufa sasa ziko kwenye debe nyuma ya duka, limejaa. Nimepiga simu kaunti, nimeambiwa nisubiri.

Magunia mawili ya ndengu yako chumbani, nimeyafungia. Kuyachoma siwezi, kuyazika karibu na kisima siwezi, na nikiyamwaga kuku watakula. Ndiyo yaliyokuwa chakula chetu mpaka mavuno na mbegu ya mvua hii. Mbinya alitaka kuendelea kuzipika ndengu hizo kivyake. Alisema yeye ni wa miaka sabini na nane, risasi itamkuta ameshaondoka. Nilimwaga sufuria ile. Hatujazungumza vizuri tangu hapo, ila mtoto tunamshika pamoja.

Tumbo la Mwelu limetulia. Mwaka jana alikuwa akihesabu mpaka ishirini. Asubuhi hii alikaa mlangoni na bibi yake wakihesabu vifaranga. Alifika sita, akasimama. Mbinya akamwambia saba. Mwelu akarudia saba, akangoja aambiwe nyingine.