Chaneli ya Kwanza Haikuguswa

Jumamosi asubuhi mpiga tarumbeta alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe, mashavu yakamjaa upepo. Aliisimamisha pasi, akageukia dirishani, akapuliza mara tatu fupi na mara moja ndefu, bila tarumbeta na bila sauti yoyote. Pazia lilipepea. Mkewe alisogeza kikombe cha chai kisije kikamwagika.

"Shemeji yako kaamka mapema leo," alisema.

"Ana kazi za watu," mumewe alijibu, akarudi kwenye kola.

Shemeji huyo, mume wa dada yake, alikuwa na studio juu ya duka la vipuri. Zamani bendi nzima ilijazana humo, mkono wa huyu kwenye mbavu za yule, na jasho la wote kwenye zulia. Kisha shemeji akawaita mmoja mmoja. Alimtaka kila mtu atoe kila sauti ya ala yake peke yake, ya chini na ya juu, kwa upole na kwa nguvu, fupi na ndefu. Alisema anapima vipaza sauti vipya. Mpiga tarumbeta alipuliza kutwa nzima kwa moyo mweupe, maana mtu haulizi maswali mbele ya mume wa dada yake. Mpiga fidla, mjane mwenye ulimi mkali, aliuliza, akaambiwa aondoe wasiwasi, hapa sote ndugu.

Shemeji aliziingiza sauti zile kwenye kompyuta, akachomeka kinanda kwa waya wa midi, ule unaoipelekea kompyuta habari ya kila kitufe, akampa kila mtu chaneli yake. Tarumbeta likapata ya kwanza, tromboni ya pili, fidla ya tatu. Ya kumi aliiachia ngoma, kama mafundi wote wafanyavyo. Tangu hapo hakumwita mtu tena. Akibonyeza kinanda, sauti ilitoka kwenye spika za studio, na pumzi ikamtoka mwenye ala popote alipo.

Waliizoea hali hiyo. Mpiga tromboni alijifunza kukaa mbali na watu, kwa kuwa mkono wake ulirushwa mbele bila taarifa. Mjane alianza kushika kisu cha mkate kila mkono wake wa kulia ulipoanza kwenda na kurudi, na majirani wakawa wanamletea mikate yao. Wimbo ukiwa wa polepole walipata vipande vya kupendeza. Ukiwa wa haraka walipata makombo, na hawakulalamika, maana ilikuwa bure.

Kuna siku waya ulichomoka kidole cha shemeji kikiwa bado kwenye kinanda. Kompyuta ilipata habari ya kuanza, haikupata habari ya kuacha. Mpiga tarumbeta alipuliza sauti moja kuanzia chakula cha mchana mpaka midomo ikabadilika rangi, na angepuliza mpaka mwisho wake kama dada yake, aliyekuwa amejifunza kazi za studio, asingekumbuka kitufe cha kunyamazisha chaneli zote. Alikibonyeza, akaja mbio huku analia, akamkanda kaka yake mgongo hadi giza likaingia. Ndiyo maana kaka alimwamini.

Kwa hiyo siku ya harusi ya binti yake ilipokaribia, alimwendea yeye. Binti alikuwa ameomba kitu kimoja tu, baba yake ampigie tarumbeta anapoingia ukumbini. Utotoni hakukubali kulala mpaka baba apige taratibu kando ya kitanda, tarumbeta likiwa limezibwa kwa soksi.

"Mdogo wangu, siku hiyo naihitaji pumzi yangu," alisema. "Jioni tu. Baada ya hapo ichukueni."

"Kaka, hilo nalo la kuomba?"

"Niapie."

"Naapa kwa kaburi la mama. Chaneli ya kwanza hakuna atakayeigusa."

Shemeji, aliyekuwa mezani, aliitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

Siku ya harusi shemeji alituma salamu kwamba ana homa. Dada alikuja na gauni jipya, akakaa mstari wa mbele. Mlango ukafunguliwa, binti akatokea, na mpiga tarumbeta akaliinua tarumbeta lake, lisilo na soksi safari hii, akapuliza.

Tarumbeta halikutoa kitu. Vidole vyake vilifuata wimbo wa binti, lakini mashavu yalijaa na kunywea kwa mwendo mwingine, wa haraka na uchangamfu, na pumzi haikupita mdomoni mwa tarumbeta hata kidogo. Mjane naye mkono ulikuwa umeanza. Wageni walimpisha, akaishika keki ya harusi na kuikata yote kabla maharusi hawajaifikia. Binti alisubiri mlangoni akitabasamu, kisha akitabasamu kwa shida. Mwishowe aliingia, na kilichosikika ni viatu vyake tu. Dada alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mpiga tarumbeta aliumia kuliko alivyowahi kuumia. Alimkuta dada yake nje, karibu na bomba la kunawia mikono.

"Uliapa kwa mama."

"Na sijavunja," alisema dada. "Nenda kaangalie, chaneli ya kwanza haikuguswa. Nilikuhamishia ya kumi na moja asubuhi. Mwenye sabuni alitaka muziki wa tangazo lake la redio leo leo, tungemwambia nini?"

"Umenihamisha wewe? Kwa mkono wako?"

"Mume wangu hajui kuhamisha bila kuharibu. Nilifanya taratibu, kaka. Kwani ulisikia maumivu?"

Alijaribu kukumbuka. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai na kung'arisha tarumbeta, na kweli hakusikia chochote. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Dada alileta katoni ya sabuni nyumbani kama shukrani ya mteja. Mke wa mpiga tarumbeta aliifulia mashati, kwa kuwa ilikuwa sabuni nzuri.

Tangazo lilipoanza kurushwa redioni, binti alipiga simu.

"Baba, nimekusikia. Nimekujua kwa ile pumzi unayoivuta kabla ya kupanda juu."

"Ndiyo, ni mimi."

"Ndivyo nilivyotaka unipigie siku ile."

"Ndivyo nilivyopiga, mwanangu. Ilikuwa siku ile ile."

Baba alitaka kuongeza neno, lakini mashavu yalikuwa yameshaanza kujaa. Alimwomba asikate simu, akailaza mezani, akageukia dirishani. Binti alisikia pazia linapepea, akasubiri shangazi yake na mumewe wamalize kazi studio.