Mitambo Aliyoifunga Olweny

Olweny alianguka asubuhi, ndani ya bohari la kampuni kwenye bandari ya Port Bell, waya ukiwa bado mkononi. Wapakizi waliomwinua walidhani amepigwa na umeme. Haukuwa umeme. Kilikuwa kiharusi, nacho kilimchukua upande wote wa kulia pamoja na sehemu kubwa ya maneno yake.

Habari zilimkuta Masinde ofisini Kabalagala, akaziacha kazi zake mezani akakimbia. Yeye alikuwa Mkenya wa Bungoma, aliyekuja Kampala kutengeneza simu kwenye kibanda cha kando ya barabara. Olweny ndiye aliyemtoa kibandani, akamwingiza kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo na kumfundisha kazi ya mtandao wa kompyuta tangu kuchuna waya. Kila ruta na kila swichi, kutoka ofisini mpaka bohari la bandarini, Olweny aliifunga kwa mikono yake. Masinde alipanda ngazi, alivuta nyaya, alipima. Lakini ndani ya mitambo yenyewe, pale penye kupanga na kupangua, aliingia Olweny peke yake. Masinde alipoomba paswadi, mwenzake alicheka.

"Subiri kwanza, Mkenya. Ukikomaa nitakupa."

Masinde naye alicheka, ila neno hilo lilimkaa rohoni.

Olweny akiwa bado amelazwa hospitali ya Nsambya, kampuni iliyowauzia intaneti ilibadilisha laini zake, na anwani mpya zikatakiwa ziingizwe kwenye ruta. Hapakuwa na wa kuziingiza. Mawasiliano ya bohari na ofisi yakakatika. Malori yakapanga foleni getini yakingoja hati zisizofika. Nakala za mipangilio yote zilikuwa kwenye kompyuta ya Olweny, nayo ilikuwa imefungwa vilevile.

"Mitambo ni ya kampuni, si ya Olweny," meneja, Bwana Tarcisio, alimwambia Masinde. "Nenda ukamwulize."

"Bosi, yule hata jina lake linampiga chenga."

"Nenda tu, ssebo, nenda bwana. Akishindwa, tutajua ameshindwa."

Masinde alimkuta Aciro, mke wa Olweny, kando ya kitanda. Alikuwa askari polisi, amekuja na sare yake ya kazini, na alikuwa akimnywesha mumewe uji kwa kijiko.

"Karibu, shemeji," alisema. "Yeye anasikia yote. Kusema tu ndiko kunakomshinda."

Masinde alizungukazunguka, akauliza habari za usingizi na za dawa, mwishowe akalisema lililomleta. Macho ya Olweny yakachangamka, kama mtu aliyeitwa kazini. Akafungua kinywa. Likatoka jina la tunda, halafu la gari, halafu sauti isiyo neno. Jasho likamtiririka. Akaupiga mto kwa mkono wake mzima.

"Nataka... kukupa," alisema. "Wewe. Nataka kukupa."

Masinde alitamani ardhi immeze. Miaka yote aliyolisubiri neno lile, na sasa mwenye nalo alikuwa akimtolea mikono mitupu.

"Acha, kaka. Pumzika."

Lakini Olweny hakuacha. Akahangaika, na ghafla likamtoka safi kabisa: "Aloyo."

Kijiko kilimponyoka Aciro.

"Huyo ni dada yake," alisema polepole, walipotoka nje barazani. "Waasi walimchukua wakiwa watoto, huko kwetu kaskazini. Hakurudi. Mimi nimeolewa naye miaka hii yote, na hilo jina nimelisikia kwa mama yake tu. Kwake yeye mwenyewe, leo ndiyo mara ya kwanza."

Masinde alirudi Kabalagala akalijaribu jina lile kwa kila namna: kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, pamoja na tarakimu. Ruta ikakataa, ikakataa tena, mwisho ikajifunga isipokee jaribio lolote.

Kesho yake Olweny alikuwa akimngoja, ameinuliwa juu ya mito miwili. Alipomwona mlangoni alimwuliza kwa macho kabla hajapata neno. Masinde alimtazama, akamtazama na Aciro.

"Imefunguka, kaka," alisema. "Jina lile lile. Imefunguka."

Olweny akacheka. Nusu ya uso ilicheka, nusu ikabaki pale pale, na machozi yakamtoka pande zote mbili.

Siku hiyo hiyo Masinde alikwenda Port Bell akatumia njia pekee iliyobaki. Alichomeka sindano kwenye kitundu cha nyuma ya ruta, akaishikilia. Taa zote zikazimika. Zilipowaka tena mtambo ulikuwa mtupu kama ulivyotoka kiwandani, haujui bohari wala ofisi, haumjui mtu. Kisha akaenda kwenye swichi, moja baada ya nyingine, na kila alipofuta mipangilio alijiona kama anabomoa nyumba ya mtu ambaye yuko hai na hajaarifiwa. Kazi ya kuijenga upya ilimfanya alale boharini. Mara nyingi alikwama, akainua simu ampigie Olweny, kisha akakumbuka.

Mtandao uliporudi, malori yalipita. Bwana Tarcisio akaichukua paswadi mpya, akaifungia kwenye sefu. "Tutaijua wewe na mimi tu, basi," alisema. "Hatutafungiwa nje tena."

Olweny aliruhusiwa kutoka hospitali, na haikupita muda mrefu akafika Kabalagala, shati limenyooshwa, mkono wa kulia unaning'inia, Aciro amemshika kiunoni. Wafanyakazi walisimama wakampigia makofi. Yeye alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza yake, akaketi, akaivuta kompyuta ya Masinde iliyokuwa wazi, akafungua ukurasa wa kuingilia kwenye ruta.

"Kaka, ngoja kwanza," Masinde alisema.

Olweny aliliandika jina la dada yake kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Mtambo ukakataa. Akaandika tena, ukakataa. Akageuka.

"Ulisema... imefunguka."

Watu walikuwa wameshaanza kurudi kwenye kazi zao. Masinde alichuchumaa kando ya kiti.

"Nilikudanganya, kaka. Haikufunguka."

"Ulifuta?"

"Nilifuta yote."

Olweny aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Hata mimi... ningefuta." Akatafuta maneno kwa shida. "Si mashine. Uliposema imefunguka, mimi nilijua kichwa kimerudi. Nililala vizuri. Kumbe hakijarudi."

Masinde alinyoosha mkono kwenye kibodi. Agizo la bosi alilijua, lakini akaanza kuiandika paswadi mpya mbele ya mwalimu wake, herufi kwa herufi, ili aione. Olweny akageuza uso dirishani.

"Usinionyeshe," alisema. "Haitakaa kichwani."

Nje, Aciro alimshika Masinde mkono wa shati. Hakupandisha sauti. "Ungemwambia ukweli siku ile ile, shemeji. Angelia siku ile, ikaisha. Sasa kila ninachomwambia, ananiuliza kama ni kweli."

Aciro aliomba uhamisho, akapelekwa Gulu, kaskazini, karibu na kwao. Siku ya kuhama, Masinde alikwenda kwenye nyumba za polisi Nsambya kuwasaidia kubeba magodoro na masufuria. Alifunga mizigo kwa kamba juu ya lori, akaikaza vizuri kuliko ilivyohitajika. Olweny aliketi mbele, karibu na dereva. Walipeana mikono ya kushoto.

Miezi ilipita. Mchana mmoja, Masinde akiwa boharini, simu ikaita, namba ya Aciro. Alipopokea alisikia pumzi tu.

"Masinde," sauti ya Olweny ilisema hatimaye. "Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Ni mimi."

Masinde alikaa juu ya kreti, simu sikioni, akisikiliza pumzi za Olweny, na kuku na watoto wa huko mbali, mpaka muda wa maongezi ulipokwisha na laini ikakatika.