Blanketi la Chumba cha Picha

Mwalimu aliomba blanketi mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa kama mtoto anayelilia pipi. Muuguzi alimwambia mablanketi ni ya waliolazwa, na kiyoyozi kiliwekwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili ya watu. Basi mwanamke aliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa jicho moja akakaa kwenye kiti cha plastiki, gauni la hospitali likiwa wazi mgongoni, meno yakigongana, akisubiri sukari aliyodungwa isambae mwilini.

Sukari yenyewe ilitiwa mionzi kidogo. Mwalimu alikuwa na uvimbe kwenye thaimasi, tezi iliyojificha nyuma ya mfupa wa kifua, na kabla ya kumpasua, daktari wa upasuaji alitaka kujua uvimbe huo una ulafi kiasi gani. Panapoliwa sukari nyingi, picha hung'aa.

Majibu yalipotoka, daktari hakumkaribisha hata kuketi. Kifua kinang'aa, shingo inang'aa, mabega yanang'aa. Ugonjwa umeshatapakaa, alisema, kupasua ni kujisumbua bure. Aende nyumbani akajiandae. Mwalimu akauliza kama baridi ingeweza kuharibu picha, maana alitetemeka muda wote. Daktari alitabasamu, akasema mashine haisikii baridi.

Akaenda akamwambia mama yake. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Bibi yule hakulia; alihamishia mto wake kitandani kwa binti yake, akawa analala amemshika mkono, na chakula akakikataa.

Kaka wa Mwalimu, mtu asiyekubali kushindwa hata kwenye bao, aliichukua picha ile akaipeleka hospitali nyingine, kwa daktari bingwa wa kusoma picha. Bingwa huyo aliitazama kidogo tu, akauliza kama mgonjwa alisikia baridi. Mng'ao wa shingoni na mabegani ulilingana kulia na kushoto. Kuna mafuta mwilini, alieleza, ambayo mtu akipigwa na baridi hula sukari ili yamtie joto. Kipimo kirudiwe, na safari hii mgonjwa afunikwe gubigubi.

Kikarudiwa. Shingo giza, mabega giza. Uvimbe peke yake ndio uliong'aa, tena kwa unyonge, haujavuka mipaka yake. Ulikuwa wa kukatwa na kutupwa.

Daktari wa upasuaji sasa akawa mwingi wa bashasha. Alipanga siku ya upasuaji, akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mwalimu alihisi damu ikimchemka. Kumbe siku hizi methali nayo ni dawa ya kupaka!

Alipiga simu nyumbani, akaongeza sauti, akailaza mezani mbele ya daktari.

"Kwamba nakufa, mama nilimwambia mimi," alisema. "Hili mwambie wewe."

Daktari alikohoa, akaanza na maneno makubwa ya mionzi na tishu. Mama alimwacha mpaka akamaliza.

"Daktari, mimi shule sikwenda, nisaidie nielewe," alisema taratibu. "Mwanangu aliomba blanketi, nyinyi mkamwambia anakufa?"

Daktari alimtazama Mwalimu ili amwokoe. Mwalimu alikuwa amekunja mikono, anangoja jibu, kama anavyomngoja mwanafunzi aliyekuja darasani bila kusoma.