Jirani wa Upande wa Pili wa Pazia

"Mzee, mambo ya sungura usinifundishe. Hiyo ni mnyama nimekua nayo," Obura alimwambia Mzee Gakuru, na uongo huo ulikuwa mkubwa kuliko sungura mwenyewe. Sungura pekee aliyewahi kumkaribia alikuwa wa kuchorwa, ndani ya kitabu cha sayansi cha darasa la tano, na hata huyo, mwanafunzi wa mwaka uliotangulia alikuwa amemvisha miwani kwa kalamu.

Mzee Gakuru, mfugaji wa Gataka, alikuwa amefungua mdomo aeleze habari ya chakula na maji. Akaufunga. Mteja anayejua kila kitu hana haja ya kucheleweshwa. Alimtia jike mmoja wa kijivu ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, jike mwenye sikio moja lililojikunja nchani kama ukurasa wa kitabu. Obura akamtoa tena, akamnyanyua kwa masikio, apate kuonyesha ujuzi. Mzee akageuza uso akatazama mabanda yake.

Ploti ya Kitengela alikopanga Obura ina vyumba sita vilivyopangana, bomba moja uani, na Waceke, ambaye wote humwita Mama Shiro. Chumba chake kinapakana na cha Obura, na hakuna kinachopita getini bila yeye kukijua. Siku hiyo alikuwa anafua.

"Umeleta nini?"

"Biashara, Mama Shiro. Nataka kuzalisha sungura."

"Hapo kwa katoni wako wangapi?"

"Mmoja."

Mama Shiro alikamua shati kwanza. "Biashara ya sungura mmoja. Atazaa na nani, na kivuli chake?"

"Wa pili anakuja."

"Haya. Na huyu analala wapi?"

"Ndani."

"Ndani kwa nyumba? Kwetu sungura analala kwa kibanda. Akilala ndani huyo si biashara, ni mgeni."

Obura alicheka kwa sauti kubwa, kama alivyozoea, akaingia akafunga mlango, na kicheko kikabaki nje.

Chumba chake kilikuwa kimegawanywa katikati kwa pazia la buluu lenye maua meupe. Upande huu ulikuwa wake. Upande wa pili ulikuwa wa Caren, dada yake, mpaka alipohamishwa kazi baada ya Pasaka na kupelekwa zahanati moja Rombo, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Caren ndiye aliyemtoa kwao akamleta hapa alipomaliza kidato cha nne, akamtafutia kazi ya kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Usiku taa ikizimwa walizoea kutupiana maneno juu ya lile pazia. Obura alisema jambo la kijinga, pazia likajibu jambo baya zaidi, na wakaendelea hivyo mpaka mmoja akasinzia katikati ya tusi.

Caren alipoondoka alibeba kitanda, sanduku na jiko. Wenzake Obura wa dukani walimwambia atoe pazia awe na chumba kikubwa kama cha mtu na bibi yake. Hakulitoa. Aliendelea kuishi nusu ile ile, akipita kando ya pazia kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala. Usiku aliacha redio ikizungumza. Kuna mara moja alisema utani kwa sauti gizani akasubiri. Redio ikamjibu kwa bei ya mahindi.

Mchana hakuna aliyejua. Pale dukani Obura ndiye aliyewafanya mafundi wacheke mpaka wasahau rangi waliyotumwa. Mtu wa namna hiyo haulizwi amelalaje.

Caren peke yake ndiye aliyeuliza, kila Jumapili, kwa simu. "Sema ukweli. Ukilemewa niambie. Hii kazi naweza kuacha nirudi."

"Nilemewe na nini? Hapa ni raha tu, siz. Kaa huko."

Basi katoni ikawekwa nyuma ya pazia, na usiku ule wa kwanza Obura alisikia kitu. Kwaru, kwaru. Kisha kimya. Kisha kitu kikatafuna. Alinyoosha mkono akazima redio.

"Jirani," akaita polepole.

Kwaru.

Alilala mpaka asubuhi, na akamwita hivyo tangu siku ile, ingawa nje aliendelea kusema ni biashara na haina jina.

Sasa ujuzi wake ukaanza kazi. Alimletea majani ya juu ya kabeji, yale ambayo muuza mboga hutupa, na karoti, kwa sababu sungura wote wa kuchorwa hula karoti. Aliondoa katoni ili upande ule upendeze, na Jirani akabaki uwanjani hana pa kuficha hata lile sikio lililojikunja. Mtu akija kuchungulia, Obura alimnyanyua kwa masikio amtambulishe. Akirudishwa chini, sungura aligonga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu! pu!, na Obura akaeleza kwamba anacheza ngoma.

Maji hakumpa. Kila mtu anajua sungura hanywi maji, na Kitengela, ambako maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi, mnyama asiyekunywa ni baraka. Mama Shiro alipotilia shaka, Obura alichota ya bomba la uani, ambayo ni ya chumvi na hata chai yake haikolei, akayaweka kwenye mkebe wa siagi. Jirani akanusa, akayapa mgongo.

"Si umeona?" Obura akasema kwa fahari. "Hawanywi."

"Hata mimi hiyo sinywi," Mama Shiro akajibu, akaenda zake.

Jumapili moja ya Julai Obura aliamka na kujua, kabla hajafungua macho, kwamba kuna kitu kimepungua. Ilimchukua muda kukitambua. Ni ule ukimya. Ulikuwa umerudi nyuma ya pazia, ukakaa mahali pake pa zamani kama mwenye nyumba.

Jirani alikuwa kwenye kona, amejikunja kama mpira wa soksi, macho nusu, akisaga meno. Jani la kabeji la jana lilikuwa limelala mbele yake zima zima. Na sakafu ilikuwa safi. Kila asubuhi Obura alifagia vile vidonge vidogo vya mavi akinung'unika. Leo hapakuwa na hata kimoja, na hajawahi mtu kuogopa sakafu safi namna ile.

Alikunja sweta yake ya shule ndani ya katoni, akamlaza juu yake, akatoka nayo mbio kwenda dukani kwa Nzau, anayeuza dawa za mifugo karibu na barabara ya Namanga. Nzau alisomea mifugo chuoni, na ana tabia ya kuanza kucheka mteja akiwa bado mlangoni. Leo alimwona Obura uso, akaacha.

"Anakula nini?"

"Kabeji. Karoti."

"Nyasi?"

"Si nyasi ni ya ng'ombe?"

"Maji?"

Obura akatazama katoni. "Si hawa huwa hawanywi?"

"Nani alikuambia?"

"Watu."

"Hao watu wako na sungura wangapi?" Nzau aliingiza mkono, akalipapasa tumbo taratibu, akatulia kama anayesikiliza mlango. "Tumbo limesimama. Boss, sungura si kama wewe, eti alale njaa halafu kesho aendelee. Lazima kitu kiwe kinaingia na kingine kinatoka, la sivyo anaenda."

"Anaenda wapi?" Obura akauliza, na haukuwa utani.

Nzau alirarua fungu kutoka kwenye robota la nyasi kavu lililokuwa limeegemea ukuta, akaliweka juu ya meza pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano. "Hii nyasi ndiyo chakula chake, usiku na mchana. Kabeji wachana nayo. Umpe maji matamu, ya kunywa wewe, matone tu, pembeni mwa mdomo, usimimine akapaliwa. Umkande tumbo pole pole. Umpe mahali pa giza ajifiche, umekaa ukimtisha siku hizi zote. Na masikio si mpini, sawa? Daktari wa mifugo anapitia hapa saa kumi akitoka Kajiado. Kama atakuwa hajapata choo, mlete."

"Na akipata?"

"Akipata, piga magoti ushukuru. Anaitwa nani?"

"Hana jina. Ni wa biashara."

Nzau alitazama sweta ndani ya katoni, beji ya shule ikiwa juu. "Sawa," akasema.

Ploti ilikuwa tupu. Wote walikuwa kanisani, hata Mama Shiro, na upepo wa mbuga ulikuwa unalitikisa geti la mabati kama mtu aliyekosa funguo. Obura aliingia, akasimama mbele ya pazia. Tangu alete sungura alikuwa akiinama tu kuingia na kutoka, kuweka kabeji, kufagia. Sasa aliketi chini, kwenye saruji baridi, pale kitanda cha Caren kilipokuwa. Miguu minne ya kitanda ilikuwa imeacha alama zake sakafuni.

Aliilaza katoni kwa ubavu iwe pango. Alitandaza nyasi, na chumba kikanuka shamba. Kisha akamimina maji kutoka mtungi wake mwenyewe, akayavuta kwa lile bomba la sindano, akatia tone. Jirani akapiga chafya. Akatia jingine. Likatiririka kidevuni. La tatu, ulimi mdogo wa waridi ukatoka, ukarudi. Obura akaanza kukanda, vidole viwili, taratibu, huku moyo wa mnyama ukienda mbio chini ya mkono wake kama cherehani.

Simu ikalia. Caren. Akaipokea kwa mkono mmoja.

"Mbona unaongea pole pole?"

"Niko na wageni."

"Wageni gani?"

"Mabeshte wa kazi. Peterson, Austin, wote. Tunakula. Nyumba imejaa mpaka wengine wamekalia ndoo."

"Sisikii mtu."

"Wanatafuna."

"Kwa hivyo uko sawa."

"Niko sawa kabisa, siz. Wacha niwapakulie. Nitakupigia." Akaiweka simu sakafuni kifudifudi, akarudi kwenye tumbo la sungura.

Alikanda. Geti likatikisika. Muda ukapita bila chochote, na Jirani akafumba yale macho nusu yakawa robo.

"Usifanye hivyo," Obura akasema. "Wee. Usinifanyie hivyo. Si nimekuletea nyasi? Nitakuletea robota nzima, ulale juu yake kama chifu." Vidole vikaendelea kukanda. "Skiza. Mimi sikukuleta hapa uzae. Hakuna wa pili anakuja. Nilikuleta kwa sababu ukikaa hapo nyuma nasikia kama kuna mtu. Hiyo tu. Si lazima uongee. Kwaruza tu. Unajua huwa nanunua mkate mzima, halafu nusu inaota ukungu, na wiki inayofuata nanunua tena mzima? Kwa sababu Caren alikuwa anakula ile ingine. Dukani wananiita mtu wa raha. Nikifika hapa mlangoni nabisha hodi. Kwangu! Nabisha hodi kwa nyumba yangu. Usiende, Jirani. Ukienda, hii pazia itakuwa nguo tu."

Sungura alivuta pumzi, akajivuta mwenyewe, hatua moja ya kuchechemea mpaka mdomo wa pango. Pua ikacheza. Akachukua unyasi mmoja, akaushika mdomoni bila kuutafuna, kama mzee na sigara isiyowashwa. Kisha ule unyasi ukaanza kuingia, polepole, kidogo kidogo, ukisagwa, mpaka ukaisha. Akachukua wa pili. Kisha akainuka nyuma kidogo, akatulia, na juu ya saruji ya Caren kikadondoka kidonge kimoja, kidogo na kikavu kama punje ya pilipili manga. Kikafuatwa na ndugu zake.

"Amepata choo!" Obura aliruka, kichwa kikanaswa na pazia, akashuka magotini akiwa bado amelivaa kama bibi harusi. "Amepata choo! Asante Yesu! Asante kwa hii choo! Tazama, mengine hayo! Amepata choo, aki amepata!" Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kola, na hakujisumbua kuyapangusa kwani hapakuwa na mtu.

"Obura."

Sauti ilikuwa ndogo sana, na ilitoka sakafuni. Alimtazama sungura. Sungura alikuwa anatafuna.

"Obura, nimekuwa hapa."

Aliinama, akaigeuza simu. Dakika zilikuwa bado zinahesabika kwenye kioo, kwa salio la dada yake, tangu pale alipoiweka chini. Upande ule wa Rombo mtu alivuta kamasi, akavuta tena, akajaribu kuiweka sauti sawa isimgeuke.

"Huyo mgeni amepata choo," Caren akauliza, "ni Peterson ama ni Austin?"

Obura alitafuta mdomoni mwake utani wa kujibu, hata mbovu, hata wa kuazima, kisha akauacha, akaisogeza simu mpaka mdomo wa pango ili Caren asikie anayetafuna.