Pikipiki Iliyokosa Usingizi

Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, theluji ikiwa bado inabipu tu, watu wa Asahikawa humletea Bi Fusae Onodera pikipiki zao zikalale. Ghala liko nyuma ya duka. Zamani lilikuwa la viazi, na siku za unyevu bado linanuka viazi. Fusae hujaza kila tangi petroli hadi shingoni ili kutu isipate pa kukaa, humwaga oili chafu, huziba ekzosi kwa kitambaa panya wasije wakazalia humo, na huchomoa betri. Kisha huiegesha pikipiki juu ya ubao, maana sakafu ya saruji ina baridi na tairi haziipendi. Betri huenda kukaa sebuleni kwake, rafuni, karibu na jiko la mafuta ya taa. Akimaliza huzima taa na kutoka kwa kunyata. Hata saa moja haipiti, zote zimeshalala na madirisha yameingia ukungu kwa pumzi zao.

Mumewe, mzee Onodera, goti lilimkataa siku nyingi. Kazi yake ni kukaa dukani kupiga soga na wateja, na kazi hiyo hajawahi kuikosa.

Mwaka ule ya mwisho kuletwa ilikuwa pikipiki ya Makabe. Makabe alikuwa mtu wa makamo, mpole, msambazaji wa vifurushi katika kampuni moja kubwa. Alikuja akiisukuma, naye bado amevaa jaketi na kofia ya kazini. Zile za wenzake zilikuwa zimefika na wadudu waliokaukia kwenye taa na matope ya pwani hadi kwenye kiti. Yake, ya buluu, iling'aa kama sahani ya dukani.

"Umeiosha?" Fusae aliuliza.

"Sijaiosha, mama. Haijachafuka."

Mzee Onodera aliinama akasoma kilomita. "Bwana wee! Hii tangu mwaka jana imetoka hapa ikafika kwako, basi. Na leo umeisukuma!"

"Sikupata siku ya mapumziko, mzee. Ipo kwenye ratiba. Ila ikifika, wananipigia simu."

Juu ya tangi, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na ramani iliyokunjwa kwenye ukurasa wa rasi ya Soya, kule juu kabisa ambako nchi inakwisha na kubaki bahari. Ni mwendo wa siku moja tu. Makabe aliinunua pikipiki ile kwa safari hiyo, na siku ya kuinunua aliiahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu hapo majira ya joto matano yalikuwa yamepita na ramani imepauka.

"Unaonekana mgonjwa, mwanangu," Fusae alisema.

"Daktari wa kampuni aliusikiliza moyo wangu, akasema nipumzike. Kampuni ikasema nisubiri."

"Usubiri nini?"

"Msimu wa zawadi za Desemba upite."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema mzee Onodera.

"Kwangu ni moyo, mzee," Makabe alijibu, akacheka kidogo, akarudi kazini. "Mwakani lazima. Soya, lazima."

Asubuhi yake Fusae aliingia ghalani akakuta zote zimelala fofofo isipokuwa moja. Ile ya buluu ilikuwa imeshuka kwenye ubao. Haikuwa na betri, lakini taa yake ilimfuata alikokwenda. Fusae hakuhitaji kuambiwa. Mtoto aliyeshinda amefungiwa ndani hataki kulala jioni, na pikipiki ni vivyo hivyo. Iliyochoka hulala. Ambayo haikwenda popote kiangazi chote, usingizi itautoa wapi?

Ilikuwa kiguu na njia humo ghalani. Ilipita katikati ya mistari miwili ya wenzake, ikafika ukutani, ikageuka, ikarudi. Ilizigusa nyingine magurudumu. Ilikanyaga mbao. Betri yake kule rafuni ilitikisa vikombe, na Fusae kila akitaka kunywa chai alijikuta amesimama dirishani, halafu mlangoni, halafu amesahau alichosimamia. Kufika katikati ya Desemba, pikipiki kubwa ya daktari wa meno ilianza kukohoa usingizini, na petroli ilikuwa inapungua kwenye matangi ya zile zilizoamshwa. Hilo lilimkosesha raha kabisa, maana pikipiki isiyolala majira ya baridi huzimika kwenye mlima wa kwanza majira ya kuchipua, pengine pamoja na mwenyewe.

Aliifunika blanketi. Ikalivua. Akamtuma mumewe akaipigie hadithi, kwa kuwa hadithi za mzee Onodera zilikuwa zimewalaza wateja wengi na mapadri wawili. Alirudi amekasirika.

"Vipi?"

"Inataka kujua mwisho," alisema mzee. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuuliza mwisho. Ningeujulia wapi?"

Ndipo Fusae akampigia simu Makabe. Alikuja na gari la kazi wakati wa chakula cha mchana, akaliacha linanguruma nje, vifurushi vimejaa hadi kwenye kioo. Alikuwa amekonda kama ng'onda.

"Nina dakika chache tu, mama. Nifanye nini?"

"Ikalie. Labda ikihisi uzito wako itatulia."

Makabe alipanda. Alishika usukani, akaitazama ramani, akapitisha kidole juu ya ile barabara. Pikipiki ilitulia. Ghala zima lilikuwa linapumua polepole, na hewa ilikuwa ya vuguvugu, ya oili na viazi. Makabe alifumba macho, akalala.

Fusae alimtikisa. Akamwita kwa jina. Mzee Onodera akapiga sufuria sikioni mwake. Wapi! Ulikuwa usingizi wa pono. Pikipiki ilijiinamisha upande mmoja taratibu, kama ng'ombe anayemshusha mtoto, ikamlaza kwenye ubao wake, ikajichomoa. Kisha ikaenda kusimama mlangoni, ikitazama lile gari lililokuwa bado linanguruma.

"Inataka kwenda kazini," alisema mzee Onodera.

"Naona."

"Na theluji hii?"

"Za posta si zinakwenda?"

Basi Fusae akairudishia betri, akazibua ekzosi, akaifunga tairi minyororo kama wanavyofanya watu wa posta. Akamvua Makabe jaketi na kofia. Jaketi akalivika usukani, kofia akaitundika kwenye kioo cha kulia. Pikipiki ikatoka ikatangulia, na gari likaifuata lenyewe, maana lilishazoea njia. Makabe wakamfunika mfarishi wa pamba. Fusae akamfunga mkononi kijikaratasi chenye jina, kama anavyofanya kwa kila kinacholala humo.

Jioni alikuja Chinatsu, mke wa Makabe, na soksi za sufu. Alikaa kwenye ukingo wa ubao akamtazama mumewe muda mrefu.

"Kumbe akilala anatabasamu," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Alikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Siku moja Fusae alimuuliza kama pikipiki inamsumbua pale nyumbani.

"Hapana, mama. Inafika saa zilezile alizokuwa anafika. Inasimama mlangoni palepale, inatazama chini. Haisemi neno."

"Pole, mwanangu."

"Hata yeye alikuwa hasemi. Hii angalau ina joto."

Fusae hakuweza kuvumilia zaidi. Alichukua simu ya Makabe, akamtafuta msimamizi wake. Alikuwa amejiandaa kueleza habari za moyo, na za daktari, na za ubao.

"Makabe?" alisema msimamizi, kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake. "Makabe yupo, anapakia. Mwambieni mkewe tumefurahi sana. Siku hizi anajituma, hata chooni haendi."

"Bwana, huyo si Makabe. Hiyo ni pikipiki!"

"Ndiyo, mama, tumeona."

"Mmeona?"

"Tumeona. Na haijauliza habari za mapumziko hata mara moja. Mbarikiwe na mwaka mpya."

Akakata. Fusae alibaki ameishika simu. Alitaka kwenda huko akamtapikie mtu maneno. Alivaa buti, akazivua, akazivaa tena. Mwishowe alikwenda ghalani, akamgeuza Makabe upande wa pili asipate vidonda.

Pikipiki ilifanya kazi Desemba yote iliyobaki. Siku ya mwaka mpya, watu wanapokula keki za mchele, ilikuwa barabarani. Ilifanya kazi siku ya tufani, magari ya wengine yalipokwama. Mwezi Machi ilipitia ghalani na cheti kimefungwa kwenye kiti kwa kamba ya mpira. Mzee Onodera alivaa miwani akasoma kwamba bwana Makabe anapongezwa kwa kutokosa kazini hata siku moja. Akakipigilia msumari ukutani, juu ya kichwa cha bwana Makabe aliyekuwa anakoroma.

Aprili theluji iliyeyuka. Pikipiki ziliamka moja moja, zikanyooshwa, zikapewa betri zao, na wenyewe wakaja kuzichukua kwa kelele. Makabe naye aliamka. Mashavu yalikuwa yamejaa, macho meupe. Alikula mabakuli ya tambi mpaka Fusae akaona haya kwa niaba ya sufuria.

"Barabara ya Soya imefunguliwa?" aliuliza.

"Imefunguliwa tangu juzi."

Alivaa helmeti, akachukua ramani, akasimama mlangoni kungoja. Alikuwa anarukaruka kwa miguu yake miwili kama kijana. Nyuma yake Fusae na mumewe walitazamana, kisha kila mmoja akatazama pengine.

Jioni pikipiki ilitoka kazini. Tairi zilikuwa zimekwisha upara, cheni imelegea, taa imegeuka njano. Kilomita zake zingeweza kuipeleka Soya na kuirudisha mara nyingi tu, na zote ilizitembea humo humo mjini. Ilipita kando ya Makabe, ikamgusa goti kwa madigadi, ikapanda ubao. Kabla hajaitamka ile "twende", ilikuwa imelala.

Makabe aliibembeleza. Alijaribu kuiwasha, akaipiga teke la kuwashia, akainong'oneza kule kwenye tangi. Fusae akamshika bega.

"Iache, mwanangu. Imechoka."

"Lakini mimi sijachoka," alisema Makabe. "Mama, leo mimi sijachoka."

Alikaa chini, helmeti mapajani. Simu yake ikalia. Alisimama wima kuipokea, na akainamisha kichwa ingawa aliyekuwa upande wa pili hamwoni. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, kesho. Samahani sana."

Kampuni ilimpokea bila maswali. Wiki ya pili msimamizi alimwita pembeni, akamwambia amezembea, kwamba majira ya baridi alikuwa mwepesi zaidi.

Kiangazi kizima ghala lilibaki na pikipiki moja tu katikati, inakoroma. Makabe alipopita na gari la vifurushi alisimama dirishani kidogo, akaweka kiganja kwenye kioo, akaenda zake. Fusae alimwona kila mara, na kila mara aliondoka dirishani kwake akaenda kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Msimu wa kuwakumbuka wafu ulipofika, mwezi Agosti, yale mashavu yalikuwa yamekwisha. Kufika Oktoba alikuwa ng'onda yuleyule, mkono kifuani kila akipanda ngazi.

"Hawa wawili watakuwa macho pamoja lini?" Chinatsu aliuliza.

Fusae aliona uchungu mpaka akamkaripia mumewe bure kwa sababu ya kijiko.

Novemba, pikipiki za watu zilikuwa zimesharudi na wadudu wao na matope yao, ile ya buluu ikafungua taa. Jioni hiyohiyo Makabe aliingia kutoka kazini, anapepesuka kwa usingizi. Walitazamana.

Fusae hakupoteza muda. Alikuwa ameshairudishia betri, tangi limejaa, tairi mpya. "Nendeni," alisema. "Nendeni sasa hivi, msiongee!"

Makabe alipanda akiwa na sare zake. Wale wazee wawili walitoka barabarani kuwatazama. Taa nyekundu ilikwenda hadi mwisho wa mtaa, ikapita kwenye maduka ya tambi, ikapanda daraja la mto Ishikari. Hapo juu kuna kibao chenye mshale wa kaskazini. Taa ikasimama chini ya kibao. Theluji ya kwanza ikaanza kudondoka.

Ikakaa pale kitambo. Halafu taa ikageuka.

Pikipiki ilirudi polepole, imemchukua Makabe aliyelala kifudifudi juu ya tangi, shavu kwenye ramani. Wakamshusha, wakamlaza kwenye ubao, wakamfunika mfarishi. Fusae akamvua jaketi na kofia, akamfunga kile kijikaratasi mkononi.

"Walifika wapi?" aliuliza mzee Onodera.

"Darajani."

"Si haba," alisema mzee, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mwaka jana walifika ukutani."

Akajikokota na goti lake kwenda kuleta minyororo. Pikipiki ilikuwa imeshasimama mlangoni, na Fusae akaitundikia kofia kwenye kioo cha kulia.