Taa ya Saa Sita Mchana

Ti. Swichi ilibonyezwa gizani sebuleni, na Munira akaganda jikoni, mwiko bado umo ndani ya ugali. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Mumewe, Sabiri, amerudi, na sasa ameiona taa.

Ilikuwa taa ya tangi la samaki, na sebule ile haikuwa na nyingine. Balbu ya darini iliungua tangu mwezi wa mfungo, Sabiri akasema ya tangi inatosha. Ya kwanza aliinunua mwenyewe hapa Korogwe mjini, ya bluu, kwa kuwa aliona kama hiyo kwenye kaunta ya hoteli. Chini yake kila kitu kilikaa kama picha. Samaki waling'aa, na mimea ambayo Munira aliichuma kwenye kijito cha Mashewa ilionekana mizima. Kumbe inaoza. Wala si mimea peke yake. Mara mbili mama mkwe wake, Bi Mashavu, alikuja jioni kutoka Mkata kusikiliza kesi ya Munira kupigwa, akaketi kwenye kochi, akamkagua katika ule ubluu, asione kitu.

"Mwanangu, simhukumu niliyemzaa kwa maneno matupu," alisema. "Siku nikiona alama kwa macho haya, nitakuchukua mwenyewe, wewe na Ikram, mkae kwangu."

Wiki hii, katika darasa la jioni, Mwalimu Evodia aliwaeleza jinsi jani linavyokula mwanga. Munira akauliza habari ya mimea yake.

"Soma namba ya rangi ya mwanga kwenye boksi la taa," mwalimu alimwambia. "Elfu tatu ni njano ya kaa la moto, maji yatakaa kama chai. Elfu kumi kwenda juu ni bluu ya kufurahisha macho. Wewe chukua elfu sita na mia tano. Huo ni mchana wa saa sita."

Alipoinunua taa ya namba hiyo na kuifunga juu ya tangi alasiri ya leo, aliona majani yalivyooza. Kisha akauona mkono wake mwenyewe, umevilia damu mpaka kiwikoni. Akapiga simu Mkata.

"Mama Ikram!" Sabiri alikuwa mlangoni pa jiko. "Nani kakutuma kugusa taa yangu?"

"Mimea inakufa, baba Ikram."

"Mimea! Mama yangu yuko njiani, anashuka kwenye basi saa hizi, na wewe unaniwekea taa ya wodini! Iko wapi ya bluu?"

"Nimeivunja."

Kofi la kwanza lilimbamiza ukutani. La pili hakuliona likija. Sabiri alimkaba shingo kwa nyuma, akamburuta sebuleni, akamtumbukiza kichwa tangini. Maji yakamjaa puani. Changarawe ikamchuna shavu. Samaki wakampita machoni kama cheche. Juu, nyuma ya mapovu yake mwenyewe, taa ilitulia, nyeupe. Mkono wake ukapapasa chini, ukapata jiwe la Mto Pangani, ukalipeleka nyuma bila kutazama. Likagonga mfupa.

Sabiri akaguta, akamwachia. Damu ikamtiririka kutoka kwenye nyusi. Akamrudia kwa teke la mbavu, na jingine, na jingine, Munira amejikunja sakafuni kati ya majani na samaki wanaorukaruka, kalikumbatia jiwe lake.

"Utakufa na majani yako leo!"

"Hodi humu."

Mguu ulibaki hewani. Bi Mashavu alikuwa kasimama mlangoni na kikapu cha mihogo.

"Shikamoo, mama," Sabiri alisema, akihema. "Kateleza. Maji yamemwagika, tumeteleza wote." Akaupeleka mkono kwenye swichi.

"Iache," Bi Mashavu alisema.

Aliweka kikapu chini, akapiga magoti kwenye maji, akakiinua kidevu cha Munira kuelekea kwenye taa. Vidole vinne vilikuwa vimeandikwa shingoni. Mama mtu aliviangalia, akamwangalia mwanawe.

"Umeteleza, Munira?"

Munira akafumbua kinywa, yakatoka maji.

Ikram, mwenye miaka mitano, akachomoza nyuma ya kochi, samaki mmoja kamfumbata kiganjani. Kwanza akamrudisha tangini. Kisha akageuka.

"Bibi, mama hakuteleza."