Kizingiti cha Baba Mkwe

Mwalimu Theophil alitoka Bukoba na mambo mengi, ila lililowashangaza watu wa Kyela ni ule mkanda. Unaloweshwa maji kidogo, unafungwa kifuani, na mapigo ya moyo yanasomeka kwenye saa aliyoifunga kwenye usukani wa baiskeli yake, mradi asiachane na mkimbiaji.

"Kila kilomita unaongeza mwendo," alimweleza Atuganile, mmoja wa wakimbiaji wake. "Moyo nao unapanda taratibu. Pale moyo na miguu vinapoachana na pumzi ikakatika, hapo ndipo kwenye kizingiti chako. Mwenye kizingiti cha juu ndiye atakayekwenda kambi ya riadha ya mkoa, Mbeya."

Nafasi ilikuwa moja, na Atuganile aliitaka kwa moyo wote. Hata mumewe Godlove, mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Karonga, ng'ambo ya mpaka, alimletea raba mpya kwa ajili hiyo.

Wakatoka Mbugani. Kilomita ya kwanza, mapigo 138. Ya pili, 147. Ya tatu, wakiingia Ipyana, 183. Na si hivyo tu: Atuganile aliruka mfereji, akazama kwenye migomba, akaibukia mbele kabisa. Wiki iliyofuata, pale pale, vile vile. Theophil akaandika kwenye daftari: "Kizingiti kiko chini. Tena tumbo linamsumbua."

Tumbo lilikuwa zima. Pale kando ya barabara ndipo mzee Davidi, baba yake Godlove, alipoanika kakao. Na kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akimwona kwa mbali humpisha, hujificha, hata jina lake halitamki. Siku hizi wapo wanaopuuza, lakini Atuganile alilelewa na bibi, na bibi hakuwa mtu wa mchezo. Miaka minne ya ndoa, Atuganile alimjua mkwewe kwa kikohozi tu.

"Pale penye kakao kuna nini?" Theophil akamuuliza. Atuganile akainama, akakaza kamba za raba. Angeanzia wapi?

"Basi Jumamosi ni jaribio la mwisho. Ikiwa hivi hivi, naandika jina la mwenzako Evodia."

Alilia hadi nyumbani, akamwaga yote kwa mama mkwe wake, Ikupa, ambaye kwake hapakuwa na mwiko. Ikupa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaenda kwa mumewe, na Atuganile akasikiliza nyuma ya ukuta.

"Mkamwana wako ananyimwa Mbeya kwa sababu yako. Jumamosi ukae ndani."

"Na kakao ikinyeshewa, utaikausha kwa maneno?"

Mvua ya Kyela kweli haipigi hodi, na wanunuzi binafsi walioanza kupita vijijini hawakugusa kakao yenye unyevu. Atuganile akajua Mbeya imempita.

Jumamosi ikafika. 139. 148. Ipyana ilipotokea, miguu yenyewe ikaanza kuutafuta mfereji. Ndipo akaona. Mzee amesimama katikati ya kakao yake, kofia ameishusha hadi puani, barabara ameipa mgongo.

"Enyi migomba," mzee akasema kwa sauti kubwa, "kuna mtu anapita nyuma yangu? Mimi simwoni. Kama yupo, mwambieni akaze mwendo, Mbeya ni mbali."

Theophil nusura aingie mferejini na baiskeli yake. Saa ilisoma 155. Atuganile alijawa na furaha asiyoijua tangu siku ya harusi. Hakugeuza shingo. Aliiambia barabara iliyokuwa mbele yake:

"Ndaga, tata."

Ni shukrani ya mtoto kwa baba yake, na hakuwahi kumpa mzee yule neno lolote. Akaongeza mwendo. Ya nne ikapita, ya tano, ya sita. Kilomita ya nane ndipo moyo na miguu vilipoachana, na Theophil, aliyekuwa akihema kuliko yeye, akasimamisha baiskeli na kuandika jina lake hapo hapo barabarani.

"Sasa niambie," akasema. "Yule mzee ni nani?"

"Sura yake sijawahi kuiona, mwalimu," Atuganile akajibu, anacheka huku machozi yakimtoka. "Lakini ni baba yangu."